Mbege Inapogoma Kuchacha

Uchagani, penye shughuli pana mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Huandamana na mahari, hunywewa harusini na matangani, na wazee waliopatana huishiriki kwa kata moja. Ndiyo maana mbege iliyogoma kuchacha huitia nyumba nzima wasiwasi: wageni wamekwisha kualikwa, na pipani mna maji matamu tu.

Kazi yenyewe huanza siku nyingi kabla. Ndizi za kihambani, yaani za shamba la nyumbani, zilizoiva sana huchemshwa kwa saa kadhaa, kisha huachwa zichachuke mpaka ziwe nyalu, yenye hamira yake ya asili. Ulezi nao hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, halafu hupikwa uji uitwao mso. Magome ya mti wa msesewe hutia uchungu. Mso uliopoa huchanganywa na nyalu iliyochujwa, na kwa kawaida kesho yake mbege inatoa povu, tayari kwa wanywaji.

Isipotoa povu, mpikaji stadi hakimbilii kuongeza kitu. Hutafuta sababu kwanza. Mara nyingi ni baridi. Juni na Julai, katika vijiji vya juu vinavyopakana na msitu wa Kilimanjaro, usiku huwa mkali, na hamira inayostawi kwenye nyuzi 25 hadi 30 hulala. Sababu ya pili ni pupa: mso ukimiminwa wa moto, hamira hufa. Ya tatu ni ulezi ulioota vibaya. Mbegu isiyochipua sawasawa haina nguvu ya kutosha ya kugeuza wanga kuwa sukari, nayo hamira hupungukiwa chakula.

Tiba hutegemea sababu. Pipa lililopigwa na baridi husogezwa karibu na jiko, hufunikwa blanketi, na watu husubiri. Lakini hamira iliyokufa haifufuliwi na joto; hapo dawa ni kumwendea jirani mwenye mbege changa inayotoa povu, kuomba kidogo na kukoroga ndani ya mchanganyiko uliokwisha kupoa. Kuongeza sukari kwenye pipa lililopigwa na baridi ni kupoteza fedha, kwa sababu hamira iliyolala haili. Na pipa likianza kunuka uozo, limwagwe. Heshima ya wageni ni kubwa kuliko hasara.

Ujuzi huu umebebwa hasa na wanawake, wanaopima joto kwa kiganja na uchachu kwa ulimi. Ni elimu kamili, nayo inapungua kadiri bia za kreti zinavyoingia kwenye sherehe. Tukitaka idumu, vijana wa kike na wa kiume waitwe jikoni siku pipa linapogoma. Mbege iliyofaulu huwafundisha kunywa. Iliyogoma huwalazimu kuuliza ulezi uliotaje, mso ulipoaje na usiku ulikuwaje, na katika kujibu maswali hayo ndimo mpikaji anamozaliwa.