Mwalimu Aliyeeleza Maana

Wanangu, sogeeni niwape habari za mwalimu mmoja wa Mombasa. Jina lake wengi hawalijui, na mimi nataka nyinyi mlijue: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Alifariki mwaka 1890. Ila huwezi kumjua Sikujua bila kumjua kwanza malenga aliyemtangulia, Muyaka bin Haji.

Muyaka alizaliwa mnamo mwaka 1776 na kufariki mnamo 1840. Ujana na utu uzima wake ulipita katika enzi ya Wamazrui, walioitawala Mombasa wakiwa Fort Jesus, ile ngome inayotazama bahari mpaka leo. Mji ulipogombana na Lamu, Muyaka alitunga. Alipopenda alitunga, marafiki walipomgeuka alitunga. Washairi wa upande wa pili nao walijibu, naye akawarudishia, na beti zikawa zinapita kutoka mji hadi mji, huku watu wakizishika kwa moyo na kuzisoma barazani.

Sasa fikirini. Shairi lililo moyoni mwa mtu huondoka na mtu huyo. Muyaka alikwisha kufa, na wazee waliomsikia kwa masikio yao walikuwa wakipungua mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo Mwalimu Sikujua alipoingia kazini. Alizikusanya beti kwa waliokuwa bado wanazikumbuka, akaziandika kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili walivyoandika lugha yao kwa karne nyingi. Na hakukomea kwenye beti. Alieleza pia shairi hili lilitungwa kwa sababu gani, lile aliambiwa nani, neno hili la zamani lina maana gani. Maelezo hayo alimpa mmisionari Mwingereza, William Taylor, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1880 na kujifunza Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa walimu wa namna ya Sikujua. Taylor akayaandika pamoja na mashairi.

Mimi nayapenda mashairi ya Muyaka kupita kiasi, lakini nawaambieni kwa dhati kwamba maelezo yale yana thamani sawa na mashairi yenyewe. Malenga wa zama zile walisema kwa mafumbo. Mtu akitunga juu ya chombo kilichopigwa na dhoruba, huenda chombo ni mji, na nahodha ni mtawala wake. Waliokuwapo walielewa, wakacheka au wakakasirika. Wewe uliyezaliwa miaka mia mbili baadaye utasoma chombo, utaona chombo tu, na utafunga kitabu ukidhani umeelewa.

Tena kuna shida ya kusoma herufi zenyewe. Waliosoma chuo cha Kurani wanajua kwamba Kiarabu kina alama tatu za irabu: fatha, kasra na dhamma. Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo kasra moja ilibeba i na e, na dhamma moja ikabeba u na o. Kiarabu hakina p, basi waandishi wengi waliandika b mahali pake. Na m au n iliyotangulia konsonanti nyingine mara nyingi haikuandikwa kabisa. Chukueni karatasi, andikeni be mbili, kila moja na fatha yake. Mmeandika nini? Inaweza kuwa baba. Inaweza kuwa papa, yule wa baharini. Inaweza kuwa bamba, na inaweza kuwa pamba. Maneno manne tayari, na hapo hatujafika hata mwisho wa mstari!

Mtafiti hujiokoaje? Kwanza huhesabu mizani. Mshororo wa shairi la namna ya Muyaka una mizani 16, nane na nane. Ukisoma ukapata 15, kuna silabi umeikosa. Kisha hutazama vina. Ikiwa mishororo mingine inaishia kwa -le, basi ile iliyoonekana kama -li nayo ni -le. Halafu hutafuta nakala nyingine ya shairi lile lile, iliyoandikwa na mkono mwingine, akazilinganisha neno kwa neno. Mnakili mmoja huruka mstari, mwingine hubadili neno la kale asilolijua akaweka la siku zake. Nakala mbili zinapotofautiana, mtafiti mwaminifu hachagui kimyakimya. Anaandika: nakala hii inasema hivi, ile inasema vile, nami nimefuata hii kwa sababu fulani. Msomaji akiona sababu haitoshi, ana njia ya kumpinga.

Na mizani ikikubali, na vina vikikubali, bado lazima umpate mtu anayeijua lugha ya mahali pale. Hakuna kamusi inayokaa badala ya mzee wa Mombasa anayekisema Kimvita.

Karatasi za Taylor zilikwenda Uingereza. Alifariki mwaka 1927, na zikahifadhiwa London, katika chuo kinachoitwa SOAS. Mwingereza mwingine, William Hichens, akazifanyia kazi, na mwaka 1940 diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg kwa herufi za Kirumi. Tazameni safari hiyo: Mombasa, London, Johannesburg, ndipo shairi likaweza kurudi mikononi mwa mtoto wa Mombasa. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa kitabu kingine kilichoyaweka mashairi hayo ndani ya historia ya Mombasa, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ukiwauliza watu nani alimwokoa Muyaka, wengi watakutajia Taylor na Hichens. Wanastahili kutajwa. Mimi naanza na Sikujua.

Si maandishi yote yaliyosafiri yalikuwa mashairi. Huko Goa, India, katika hifadhi ya nyaraka za iliyokuwa serikali ya Wareno, kuna barua za Kiswahili za mwaka 1711 zilizotoka Kilwa, zama za Mfalme Fatima, mwanamke. Watu wa Kilwa walikuwa wakifanya siasa kwa kalamu ng'ambo ya bahari, na barua zao zimedumu kwa kuwa ofisi iliyozipokea haikuzitupa.

Siku hizi kuna njia nyingine ya kuokoa maandishi. Lamu, katika Msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh, kulikuwa na vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono. Watafiti walivipiga picha ukurasa kwa ukurasa, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na picha zikawekwa kwenye intaneti. Vitabu vyenyewe vilibaki Lamu. Hilo linanifurahisha sana: picha imekwenda duniani, mali imebaki kwa wenyewe.

Na huenda baadhi yenu mna kasha nyumbani lenye karatasi za marehemu babu. Msizishike kwa mikono yenye mafuta ya maandazi. Zikichanika msizibandike selotepu, kwani gundi yake hugeuka manjano ikaila karatasi. Ziwekeni pakavu, mbali na jua, na mkague kama mchwa hawajaanza kazi. Ombeni ruhusa ya wenye nyumba kabla ya kupiga picha, na mkipiga, pigeni zote: jalada, kurasa tupu, na pambizo. Pengine hapo ndipo mtu alipoandika tarehe ya kuzaliwa mtoto, deni la duka, au jina la aliyenakili kitabu.

Kisha ketini na mzee wa nyumba mumsomee kwa sauti. Atawakatiza. Atasema hapo si hivyo, mjukuu wangu, hapo alikuwa anamsema fulani. Msiharakishe kuendelea na ukurasa wa pili. Mwulizeni huyo fulani ni nani, walikosana kwa nini, na yeye habari hiyo aliipata kwa nani. Andikeni jibu lake kama alivyolisema, kwa maneno yake, na chini yake muandike jina lake na tarehe ya siku hiyo. Nakala moja mpeni yeye.