Breki Zikishika: Pima Kwanza, Laumu Baadaye

Leo tunaongea juu ya kitu kinachokula pesa za kikundi polepole bila mtu kujua: breki inayoshika na kukataa kuachilia.

Kikundi chetu kina pikapu ya zamani, Peugeot 504, ya kupeleka mboga sokoni. Wengi wenu mnazijua hizi 504. Zilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Lakini hata shujaa huzeeka. Petroli iliyokuwa ikitutosha siku tatu ilianza kuisha kwa siku mbili. Mwekahazina akauliza maswali, na wengine wakasema dereva anauza petroli njiani. Mkutano ulikuwa moto, karibu tumfukuze kazi. Kumbe breki ya gurudumu moja la mbele ilikuwa imeshika safari nzima. Ni kama kuvuta mkokoteni huku mwenzako ameushika kwa nyuma!

Breki hufanya kazi namna gani?

Ukikanyaga breki, maste silinda husukuma mafuta ya breki ndani ya paipu za chuma, halafu ndani ya hosi, yaani ule mpira unaoelekea kwenye gurudumu. Mbele kuna diski: pistoni husukuma pedi zikabana diski. Nyuma ya pikapu kuna dramu: silinda ndogo hupanua viatu vya breki vikagusa dramu kwa ndani. Ukiondoa mguu, mafuta yanatakiwa kurudi na kila kitu kiachilie.

Kwa hivyo breki ikishika, kuna mambo mawili tu. Ama mafuta yamefungiwa na hayawezi kurudi, ama chuma chenyewe kimekwama kwa kutu na uchafu. Kazi yote ya kupima ni kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Dalili za kuangalia

- Gari linakula petroli nyingi na ni zito kwenye mlima.
- Linavuta upande mmoja.
- Ukiliacha kwenye tambarare bila gia, linasimama haraka.
- Kuna harufu ya kuungua karibu na gurudumu.

Hatua ya 1: Tafuta gurudumu lenye joto

Endesha kama kilomita 5 kwenye tambarare, ukipunguza mwendo kwa gia, bila kukanyaga breki sana. Simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Linaloshika litakuwa na joto kuliko mengine. Usimwage maji baridi kwenye diski yenye moto, inaweza kupasuka.

Hatua ya 2: Inua gurudumu

Fanya hivi upesi kabla halijapoa. Weka mawe makubwa kwenye magurudumu mengine, piga jeki, halafu weka stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Toa gia, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Pedi kugusa diski kidogo ni kawaida. Likikataa kuzunguka, breki imeshika. Litikise pia: likilegea na kutoa mlio, huenda shida ni bearingi.

Kama ni gurudumu la nyuma, hakikisha hendibreki imeachiliwa na waya wake umelegea. Mara nyingi waya huo hushika kutu ndani ya ganda lake.

Hatua ya 3: Fungua skrubu ya kutolea upepo

Hiki ndicho kipimo kikubwa. Pale kwenye breki ya gurudumu kuna skrubu ndogo yenye tundu. Vika kipaipu cha plastiki kinachoingia kwenye chupa, kisha ilegeze kidogo kwa spana inayoenea sawasawa. Linda macho.

Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, mafuta yalikuwa yamefungiwa. Nenda hatua ya 4.

Gurudumu likibaki gumu, chuma kimekwama. Mbele, angalia pistoni yenye kutu, pini zilizokauka, au pedi zilizokwama. Nyuma, angalia silinda ndogo, springi za kurudisha viatu, na waya wa hendibreki. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo, kwa sababu pedi na viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Hatua ya 4: Mafuta yamefungiwa wapi?

Kaza skrubu. Kanyaga breki mara kadhaa mpaka ishike tena. Sasa legeza nati inayounganisha paipu ya chuma na hosi.

Gurudumu likiachilia hapo, shida iko juu, upande wa maste silinda. Uliza kwanza kama kanyagio lina mchezo kidogo kabla ya kuanza kusukuma. Kama halina, pistoni ya maste silinda hairudi mpaka mwisho, na katundu ka kurudishia mafuta kanabaki kimefunikwa. Gari la namna hii asubuhi liko sawa, lakini kadiri linavyopata joto ndivyo breki zinavyoshika, na kwa kawaida si gurudumu moja tu.

Gurudumu likikataa kuachilia hapo, lakini likaachilia ukifungua ile skrubu ya chini, basi hosi imefura kwa ndani. Nguvu ya mguu inapitisha mafuta, lakini hayana nguvu ya kurudi. Kwa nje hosi inaonekana nzima kabisa!

Ukimaliza, kaza kila nati, jaza mafuta mapya, toa upepo, na hakikisha kanyagio ni gumu kabla gari halijatoka.

Onyo juu ya mafuta

Wengine huongeza oili ya injini mafuta ya breki yakipungua. Msifanye hivyo! Oili hufurisha raba zote, na mtalazimika kubadilisha raba na hosi zote. Kwa gari la DOT 3 au DOT 4, kuna kipimo rahisi: tia kijiko kimoja cha mafuta ya breki kwenye glasi ya maji. Mafuta halisi huchanganyika na maji. Kitu kikielea juu, kuna oili.

Mafuta ya breki pia hunywa unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haichemki kabla ya digrii 205, lakini ikishalowa inaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka kwenye mteremko, kanyagio linazama na gari halisimami. Badilisheni kila miaka miwili. Ni sumu, kwa hivyo msiyaweke kwenye chupa ya soda ambapo mtoto atayaona.

Yaliyotupata

Makanika wa kwanza alitaka tununue maste silinda mpya. Tulipopima kwa hatua hizi, ilikuwa hosi. Tukanunua mbili, ya kulia na ya kushoto, kwa maana huzeeka pamoja. Petroli ikarudi siku tatu. Na dereva? Tulimwomba msamaha mbele ya mkutano, kama vile tulivyomsema mbele ya mkutano.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nani anaandika petroli na kilomita za gari letu kila safari?
2. Mafuta ya breki yalibadilishwa lini mara ya mwisho?
3. Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa kosa la chombo?