Mita Inasoma Volti 12, Amplifaya Haiwaki

Mafundi wa umeme wa magari jijini Nairobi wameyazoea malalamiko haya: "Fundi, mziki umekata. Amplifaya haiwaki kabisa." Taa ya kijani haipo, nyekundu haipo, spika kimya. Na kwa kuwa vijana huacha matatu isiyo na mziki wakasubiri inayofuata, mwenye gari yuko radhi kununua amplifaya nyingine siku hiyo hiyo. Namsihi asubiri. Amplifaya isiyowasha hata taa moja aghalabu ni nzima. Tatizo liko kwenye umeme unaopaswa kuifikia.

Amplifaya inahitaji nyaya tatu ili iamke. Wa kwanza ni waya mnene wa chanya unaotoka kwenye betri kupitia fyuzi. Wa pili ni ethi, unaofungwa kwenye bodi ya gari. Wa tatu ni ule mwembamba wa rimoti, mara nyingi wa buluu wenye mstari mweupe, unaoleta volti 12 kutoka kwenye redio kama amri ya kuwaka. Mmoja ukikosekana, hakuna kinachotokea.

Betri ya gari ina seli 6 za volti 2.1 hivi kila moja, ndiyo maana ikijaa husoma 12.6 injini ikiwa imezimwa, na karibu 14 alternata inapochaji. Kwa mziki mkubwa, volti hizo hazitoshi. Kwa volti 12 pekee, hata sakiti iliyoundwa vizuri haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 18 hivi za kweli. Kwa hiyo ndani ya amplifaya kuna sehemu isiyopiga mziki wowote: transista zake hukatakata umeme wa betri makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, zikaupeleka kwenye transfoma ya duara, na upande wa pili zinatoka volti 30 chanya na 30 hasi, au zaidi. Waya wa rimoti kazi yake ni kuiamsha sehemu hiyo. Amplifaya "iliyokufa" ni ile ambayo sehemu hii haijaanza kazi.

Fundi mwenye haraka hushika mita, anagusa waya mnene, anasoma volti 12 na kutangaza kwamba umeme upo. Kosa kubwa liko hapa. Mita ya kidijitali ina ukinzani wa omu milioni 10 hivi, kwa hiyo huvuta takriban sehemu moja ya milioni ya ampea tu. Kiungo kilichooza, chenye ukinzani wa omu 1 nzima, hakitaonekana kabisa kwenye kipimo kama hicho. Mita itasoma 12 kamili. Lakini amplifaya inaweza kutaka ampea 30, na kupitia omu 1 betri ya volti 12 haiwezi kutoa hata 13. Volti zinaanguka ghafla. Amplifaya nyingi zina sakiti ya kujilinda ambayo hugoma kuwaka volti zikishuka karibu na 10, kwa hiyo inajizima kabla hujaona dalili yoyote, na mita yako inarudi kusoma 12.

Kanuni yenyewe ni ile aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827: volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani. Sehemu ya kumi tu ya omu ikipitisha ampea 30 inakula volti 3 na kugeuka wati 90 za joto ndani ya kiungo kidogo kama kucha. Ndiyo sababu napenda kipimo cha balbu. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunganishe kwenye tundu za chanya na ethi za amplifaya yenyewe, kisha pima volti zikiwa zinafanya kazi. Balbu ikififia na mita ikashuka, umempata mwizi, na yuko nje ya amplifaya.

Mara nyingi mwizi ni ethi. Inua kapeti chini ya kiti cha nyuma utaona: boliti imefungwa juu ya rangi ya bodi, chini yake kutu ya kahawia, na nyuzi za shaba zimeota ukungu wa kijani. Huko Mombasa, chumvi ya hewani hufanya kazi hiyo upesi zaidi. Kwaruza kwa msasa hadi chuma king'ae, funga upya, paka grisi juu. Kagua na waya wenyewe pia. Soko limejaa waya wa alumini uliopakwa shaba, unaouzwa kama shaba tupu. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe wa fedha ndani, jua unapitisha umeme theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule.

Chanya na ethi zikiwa sawa, gusisha rimoti kwenye chanya kwa kipande kifupi cha waya. Taa ikiwaka, amplifaya haina hatia. Tafuta ubovu kwenye redio au waya wake.

Fyuzi ikiungua kila unapoweka mpya, chomoa rimoti kwanza. Ikiungua hata hivyo, kuna shoti mlangoni kabisa: aghalabu transista za nguvu, au ile dayodi inayolinda dhidi ya mtu aliyegeuza chanya na hasi. Ikivumilia hadi rimoti iunganishwe, ubovu uko mbele zaidi. Hapo sasa amplifaya ifunguliwe mezani. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni hatari ambayo siwezi kuinyamazia, maana fyuzi ile inalinda kebo inayopita chini ya miguu ya abiria.

Magari makubwa yana shida yao. HiAce ya abiria 14 hutumia volti 12, lakini Isuzu NQR, ambazo nyingi ndizo nganya za mjini (matatu zilizopambwa), hutumia 24 kutoka betri mbili zilizofuatana. Wengi huchukua 12 kwenye betri moja. Alternata huona jumla tu, haijui nani ana njaa: betri inayolisha mziki haijai kamwe, huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi hadi maji yakauke. Usiku, taa zikiwaka, amplifaya ndiyo ya kwanza kuzima, na lawama zinaiangukia yenyewe. Wanaochukua betri ya juu, ile ambayo hasi yake haifungwi kwenye bodi, huharibu zaidi: wakifunga hasi ya amplifaya kwenye bodi, inapokea volti 24, wakiifunga katikati ya betri, ethi yake inapishana na ya redio kwa volti 12, na mkondo hupita kwenye nyaya nyembamba za sauti hadi redio iungue. Gari la namna hiyo linahitaji kigeuzi cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, na kipimwe mziki ukiwa umefunguliwa hadi mwisho, mita ikiwa kwenye tundu za amplifaya.