Neva za Ngozi ya Makalio (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliifuata neva kubwa ya mguu. Leo tuangalie neva nyembamba zinazoipa ngozi ya makalio hisia. Ziko makundi matatu. Za kati hutokea kwenye mfupa wa sakramu na huhudumia eneo dogo tu. Za chini ni matawi ya neva ya ngozi ya nyuma ya paja. Hupita chini ya msuli mkubwa wa tako, zikajikunja ukingoni mwake na kupanda juu. Za juu ndizo zenye mambo.

Hizi za juu huanzia kiunoni, hasa kwenye pingili ya 1 hadi ya 3. Kila neva inayotoka kwenye uti wa mgongo hugawanyika, tawi moja likaenda mbele, jingine nyuma. Ni matawi ya nyuma yanayopenya misuli ya mgongo, yakatoboa utando mgumu unaoifunika, kisha yakavuka ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, karibu na mahali mkanda wa suruali unapokaa. Muuguzi akikuchoma sindano sehemu ya juu ya tako, upande wa nje, maumivu ya ule mchomo hupelekwa kwa sehemu kubwa na neva hizi.

Pale ukingoni, takriban sentimita 7 hadi 8 kutoka katikati ya mgongo, tawi la ndani hupita kwenye upenyo mwembamba kati ya utando na mfupa. Likibanwa hapo, mtu huumwa kiuno na tako, na wakati mwingine maumivu hushuka hadi pajani. Wengi huambiwa moja kwa moja kuwa ni diski. Lakini neva hizi ni za hisia tupu, hazisukumi msuli wowote, kwa hiyo kubanwa kwake hakulegezi mguu. Daktari mwangalifu hubonyeza ukingo ule kwa kidole. Maumivu yakiamka palepale, huweza kuchoma dawa ya ganzi. Yakitulia, mshukiwa amepatikana. Kipimo hiki ni rahisi, na kinastahili kufanywa kabla mgonjwa hajafikiriwa upasuaji wa mgongo.

Nawasihi wasomaji wenye maumivu ya kiuno yasiyoisha wamwombe daktari apapase hapo. Ila ganzi ikishika makalio yote na sehemu za siri, au mkojo ukikataa kutoka, usisubiri miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo.