Nani Alimwokoa Kapteni Alex?

Nilikodisha kanda Mwanza kwa miaka mingi, tangu enzi za deki za VHS hadi DVD zilipojaa rafuni, na swali la wateja lilikuwa lilelile: "Ipo iliyotafsiriwa?" Usafi wa picha haukuwashughulisha. Walimtaka Lufufu, yule wa Dar es Salaam aliyeweka sauti yake juu ya filamu za nje, akasimulia, akatania. Kenya wana DJ Afro. Uganda mtu wa kazi hiyo humwita VJ, na huko ndiko ilikotoka filamu ninayoitolea mfano kila nikibishana na wakusanyaji wa filamu za zamani.

Inaitwa Who Killed Captain Alex? Nabwana I.G.G. aliitengeneza mwaka 2010 huko Wakaliga, mtaa wa walalahoi jijini Kampala, kwa fedha zinazotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki zilikuwa za kuunga-unga. Helikopta na milipuko vikatoka kwenye kompyuta aliyoiunda kwa vipuri. Waigizaji ndio waliokuwa wachuuzi: walipita nyumba hadi nyumba na DVD mkononi, wakiwahi kabla nakala za wizi hazijatapakaa.

Kompyuta ikajaa. Nabwana ameeleza kwamba aliifuta kazi hiyo ili filamu iliyofuata ipate nafasi. Kilichosalia ni nakala ya DVD, nayo imeshabeba sauti ya VJ Emmie mwanzo hadi mwisho.

Filamu za zamani kwa kawaida hazirudi sokoni kutoka kwenye nakala ya namna hiyo. Touki Bouki ya Msenegali Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1973, ilifanyiwa ukarabati mwaka 2008 kwa msaada wa mradi ulioasisiwa na Martin Scorsese, kisha kampuni ya Criterion ya Marekani ikaitoa kwenye diski mwaka 2013. Kazi ya namna hiyo huanzia kwenye negativu au nakala bora iliyopatikana: huskaniwa, mikwaruzo ikaondolewa, rangi zikarekebishwa. Sekunde moja ya sinema ina picha 24, kwa hiyo ni kazi ya subira na fedha nyingi.

Kapteni Alex hana negativu. American Genre Film Archive, taasisi ya Austin, Texas, iliitoa kwenye Blu-ray pamoja na Bad Black ya Nabwana huyohuyo. Blu-ray hubeba picha ya nukta 1920 kwa 1080. DVD ya mfumo wetu wa PAL, 720 kwa 576. Kuitanua picha hakuongezi kisichokuwamo. Kwenye diski nyingine maelezo ya mwongozaji ni nyongeza, unayawasha ukipenda. Kwa Kapteni Alex huwezi kumzima VJ Emmie, na mnunuzi wa Marekani analipa kumsikia yeye. Wateja wangu wangemwelewa mara moja.

Sasa niwageukie wenye kanda za Lufufu uvunguni. Nabwana yupo, filamu ni yake, anaweza kusaini mkataba. Kwa tafsiri zetu, sauti ni ya msimuliaji lakini picha ni mali ya studio za Hong Kong, Mumbai au Hollywood. Kampuni gani itathubutu kuzitoa? Basi nakala iliyo kwako huenda ndiyo pekee iliyobaki.

Na inaharibika. Kanda ya VHS hushikwa na ukungu, hasa Pwani. DVD iliyochapwa kiwandani ina alama zilizogandamizwa kwenye plastiki, lakini ya kuchomwa kwenye kompyuta huandikwa juu ya tabaka la rangi ambalo joto na jua hulififisha. Iweke kivulini, imesimama ndani ya kasha. Tafuta fundi mwenye deki nzima akuhamishie kwenye kompyuta, ubaki na nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Andika jina la msimuliaji na mwaka unaoukumbuka. Wala usimruhusu fundi "kusafisha" ile sauti ya juu, maana ndiyo inayofanya kanda hiyo istahili kuhifadhiwa.