Maji ya Rukwa Yapimwe kwa Vinasaba

Mtu akitaka kujua hali ya bonde oevu, kwa kawaida hutazama maji na matete. Akiona maji yapo na matete yamestawi, huondoka ameridhika. Sisi twaona kwamba kipimo hicho hakitoshi tena katika Mkoa wa Songwe, na kwamba wakati umefika wa kuyapima maji yetu kwa vinasaba.

Sehemu kubwa ya mito ya mkoa huu huteremka kwenda Ziwa Rukwa. Mto Momba hupita penye mashamba ya mpunga ya Kamsamba. Mto Songwe (tusiuchanganye na somo wake wa mpaka wa Malawi, uingiao Ziwa Nyasa) huelekea Rukwa pia. Mbozi ni nchi ya kahawa, na maji yaliyooshea kahawa yakimwagwa mtoni kabla ya kutulizwa huila hewa wanayoitegemea viumbe wa majini. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Wilaya ya Songwe hutumika zebaki. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi na halina mto unaotoka. Taka iingiayo humo ina pa kuingilia, haina pa kutokea.

Kila kiumbe wa majini huacha alama yake: utelezi wa samaki, magamba, kinyesi, ngozi ya chura. Ndani ya alama hizo mna vinasaba. Mtaalamu huchota lita chache za maji, huyachuja, na kichujio hupelekwa maabara kikiwa kimehifadhiwa katika spiriti. Huko vinasaba hunakiliwa mara nyingi hadi visomeke, kisha hulinganishwa na daftari la viumbe wanaojulikana. Wakazi wa Tunduma hawahitaji maelezo marefu. Mwaka 2020, korona ilipofika mpakani na Zambia ikaufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, madereva wa malori walipimwa kwa njia iliyo ndugu na hii.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 2008 wanasayansi wa Ufaransa walionyesha kwamba chura mgeni kutoka Marekani aweza kutambuliwa katika dimbwi kwa vinasaba vilivyomo majini tu, bila yeye mwenyewe kuonekana. Hapa nyumbani, matokeo ya jaribio la namna hiyo katika Ziwa Tanganyika yalichapishwa mwaka 2020. Funzo kubwa la Tanganyika lilihusu daftari: samaki ambaye vinasaba vyake havijaandikwa humo, maabara huviona wala isiweze kumtaja kwa jina.

Hapo ndipo wasiwasi wetu ulipo. Bonde la Rukwa lina perege wake wa asili, Oreochromis rukwaensis, aliyeelezwa kitaalamu na wanasayansi wa Kijerumani mwaka 1903. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba perege waliohamishwa na binadamu, akiwamo sato wa Nile, wameenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania. Perege wa aina mbalimbali huzaliana. Bwawa la kufugia likifurika, vifaranga huingia mtoni, na mvuvi akivuta wavu hawezi kumtambua chotara kwa macho. Hata maji yaliyochujwa huweza kudanganya hapa, kwa kuwa sehemu ya vinasaba inayosomwa kwa kawaida ni ile arithiyo mtoto kwa mama peke yake. Chotara ambaye mama yake ni wa Rukwa ataandikwa kuwa perege halisi wa Rukwa. Kwa swali hilo hapana budi kukata kipande cha pezi na kuvisoma vinasaba vya wazazi wote wawili.

Tuseme pia kwamba vinasaba haviwezi kuonyesha zebaki, wala havitoi hesabu ya kuaminika ya samaki waliopo. Aidha mto huvichukua mbali na mahali vilipodondoka, na joto na jua huviharibu upesi. Kwa hiyo hatuungi mkono wanaodhani kwamba mashine itamwondolea mtaalamu kazi ya kuingia matopeni. Tangu mwaka 2015 Tanzania ina utaratibu wake, uitwao TARISS, wa kuupa mto alama kwa kuwatazama wadudu wa majini na vibuu vyao. Utaratibu huo ni rahisi, nao ungefaa kutangulia, vinasaba vikifuata.

Tangu ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, nchi yetu imeandikisha maeneo oevu manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Rukwa haimo, na yasiyomo katika orodha hukumbukwa mwisho fedha zinapogawanywa. Twaitaka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ishirikiane na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, yenye kituo Kyela, kuchota sampuli za kwanza penye milango ya Momba na Songwe, masika na kiangazi, na kuandikisha vinasaba vya samaki wa asili wangali wapo. Matokeo yasiishie katika majarida ya ng'ambo. Yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi za vijiji vya wavuvi na penye mitambo ya kuoshea kahawa, ambako maji hayo hutumika kila siku.