Mchoro na maelezo ya ujenzi vinapokosa kuafikiana

Mzee anayejiinua kutoka chooni hukitwika uzito wake chuma cha kushikia kilichofungwa ukutani. Chuma hicho kikichomoka, huanguka yeye, ilhali kosa huenda lilifanyika miezi mingi kabla, mezani pa msanifu majengo, katika nyaraka mbili zisizoafikiana.

Waraka wa kwanza ni mchoro wa ukuta wa ndani, unaouonyesha ukuta kama unavyoonekana na mtu aliyesimama mbele yake: vigae vinaishia wapi, kioo kiko kimo gani. Wa pili ni kitabu cha maelezo ya ujenzi, kinachotaja aina ya kila kifaa, ubora wake na namna ya kukifunga. Mchoro hujibu wapi na kwa kipimo gani; kitabu hujibu nini na kwa namna gani.

Kinachoziunganisha nyaraka hizo ni maandishi mafupi yaliyo pembeni mwa mchoro, kila moja likiwa na mshale na, mara nyingi, nambari ya sura ya kitabu. Nchini Marekani sura hizo hupangwa kwa mfumo wa MasterFormat, ambao mwaka 2004 ulipanuliwa kutoka migawanyo 16 hadi 50.

Chuma kimoja, migawanyo mitatu

Kanuni za Marekani za mwaka 2010 kuhusu majengo yanayoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu zinataka chuma hicho kiwe kati ya milimita 840 na 915 kutoka sakafuni, na kihimili nguvu ya nyutoni 1,112, yaani takriban uzito wa kilo 113.

Kimo huandikwa kwenye mchoro. Chuma chenyewe kimo katika mgawanyo wa 10 wa kitabu. Vigae na mbao za jipsamu vimo katika mgawanyo wa 09. Lakini jipsamu peke yake haiwezi kubeba uzito huo; huhitajika ubao imara nyuma yake, na ubao huo ni kazi ya useremala, mgawanyo wa 06.

Iwapo mchoro unasema tu "chuma cha kushikia, tazama kitabu", nacho kitabu kinasema "kifungwe imara ukutani", kila upande huonekana kuwa sahihi. Hata hivyo, hakuna aliyeagizwa kuweka ubao.

Mikataba hujaribu kuziba pengo. Masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, yanayotumika katika miradi ya nchi nyingi, huyatanguliza maelezo mbele ya michoro pale yanapopingana. Lakini utaratibu huo hauwezi kukitanguliza kitu ambacho hakikuandikwa popote.

Namna ya kulinganisha

Kwanza, jina liwe moja. Kinachoitwa "kigae" katika mchoro kisiitwe "seramiki" kitabuni, mkandarasi asije akadhani ni vitu viwili.

Pili, kila jambo lisemwe mara moja, mahali pake. Aina na ubora vikirudiwa kwenye mchoro, siku kitabu kitakapobadilishwa mchoro utabaki na habari za zamani.

Tatu, ukaguzi uende pande zote mbili: kutoka kila mshale hadi sura yake, na kutoka kila sura hadi ukuta unaohusika.

Nne, liulizwe swali la kilicho nyuma ya ukuta: nani anakiweka, na kabla ya kazi ipi?

Anayeishi Muscat au London na kujenga Mombasa au Unguja huenda asikutane na jipsamu, kwani kuta za huko aghalabu ni za matofali au mawe. Lakini fundi aliye mbali humtegemea kwa karatasi tu. Karatasi hizo zikitofautiana, fundi atachagua mwenyewe, na mwenye nyumba ataujua uchaguzi huo vigae vikiwa vimekwisha kukauka.